Siku Folda Zote Zilipokuwa za Nono

Siku za Jumatano Mwelwa hakuhitaji kuamshwa. Kabla mama yake, Maman Claudine, hajamaliza kuwasha makaa kwenye babula, jiko lao la mabati, yeye alikuwa amekwisha kufagia parcelle, yaani kiwanja cha nyumba yao, kuchota maji kwenye bomba la jirani na kupanga madaftari yake mfukoni. Maman Claudine alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na watu wote waliopita katika avenue yao, barabara ya mtaa wa Katuba, walimsalimu wakati akishona.

"Ndiyo kusema leo ni Jumatano," mama alisema akicheka. "Siku zingine ninaita mara tano, mutoto anajifanya hasikie. Leo umeshinda hata jogoo."

"Leo ni zamu yangu ya kusimamia mashine, Mama."

"Bon. Simamia mashine, lakini kwanza kunywa chai."

Mwelwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alisoma mwaka wa nane. Asubuhi alisoma hesabu, Kifaransa na jiografia kama wenzake wote. Lakini kila Jumatano baada ya masomo alikwenda kwenye chumba kilichokuwa mwisho wa jengo la shule, ambamo zamani yaliwekwa madawati mabovu. Sasa kilikuwa na kompyuta nane. Saba zilipangwa kando ya ukuta kwa ajili ya wanafunzi. Ya nane ilikaa peke yake kwenye kona, na kazi za wanafunzi wote zilihifadhiwa humo. Wanafunzi walikuwa wameipa jina la Maman, yaani Mama.

Kompyuta hizo zilikuwa kuukuu. Zilipofika, nyingine hazikuwaka kabisa, na nyingine zilichukua nusu saa kufunguka. Madame Honorine, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyezifufua. Alifuta kila kitu kilichokuwa ndani yake na kuweka mfumo mpya uitwao Linux.

"Mfumo huu hatukuulipia kitu," aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza. "Watu walioutengeneza wamewapa wote ruhusa ya kuutumia, kuufungua na kuona umeundwaje, hata kuurekebisha. Lakini hata kitu cha bure kinahitaji mtu wa kukitunza. Mimi nina madarasa matano. Nataka wanafunzi wawili wajifunze kazi ya usimamizi."

Waliochaguliwa walikuwa Mwelwa na mvulana wa darasa lake aliyeitwa Dieumerci. Kwa miezi minne Madame aliwafundisha kufanya kazi bila kugusa picha wala vitufe vya rangi. Walikaa mbele ya skrini nyeusi yenye herufi nyeupe, wakaandika amri moja moja. Walijifunza kuiambia mashine iwaonyeshe yaliyomo ndani ya folda, ifungue folda mpya, imwandikishe mwanafunzi mpya na kumpa nenosiri. Mwanzoni Mwelwa aliiogopa ile skrini nyeusi. Baada ya wiki chache akaanza kuipenda, kwa sababu haikuwa na ubishi. Ukiandika sawasawa, ilitii. Ukikosea, ilikuambia umekosea wapi.

Siku moja Madame aliwafundisha habari za ruhusa. Alichora ubaoni mstari mrefu, na kando yake vijumba vingi.

"Hii ni avenue," alisema. "Jina lake ni home. Kila mwanafunzi ana parcelle yake hapa, yaani folda yake, na ana karatasi inayosema kwamba parcelle ni yake. Dieumerci hawezi kuingia kwa Mwelwa, na Mwelwa hawezi kuingia kwa Dieumerci. Msimamizi tu ndiye anayeweza kubadilisha jina kwenye karatasi. Mnaona ni madaraka makubwa kiasi gani?"

"Ni kama bourgmestre, mkuu wa mtaa," Dieumerci alisema, na wote wakacheka.

Madame naye alicheka, kisha akawasimulia habari za baba yake. Madame alizaliwa Sakania, na baba yake alifanya kazi kwenye reli, akibadilisha njia za treni. Kabla ya kuvuta mtaimbo wa kubadilishia njia, alisoma namba ya njia kwa sauti, na mwenzake aliirudia. Hakuvuta kamwe kabla ya kusikia mwenzake akiirudia.

"Sheria yetu itakuwa hiyo hiyo," Madame alisema. "Mkitumia nguvu za msimamizi, mmoja ataandika na mwingine atasoma amri kwa sauti. Ndipo mtabonyeza Enter. Kama mmoja wenu hayupo, mtanisubiri mimi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Madame," walijibu.

Jumatano hiyo Dieumerci hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kasenga na mama yake kuleta samaki wa kuuza, na angerudi siku mbili baadaye. Shule nzima ilikuwa na shughuli. Jumamosi wazazi wangekuja kusikiliza wanafunzi wa darasa la sita wakisoma habari walizoandika kuhusu kazi za watu wa mtaa wao. Habari zote zilikuwa ndani ya Maman, zikisubiri kumaliziwa na kuchapwa.

Mwelwa alimkuta Madame Honorine chumbani, lakini baada ya muda mfupi Madame aliitwa kwenye mkutano wa walimu.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Wengine watafika saa tisa. Angalia mashine zote kama zinawaka. Basi."

Mwelwa alibaki peke yake. Akawasha kompyuta moja baada ya nyingine. Alipofika ya tano, mlango ulifunguliwa taratibu, na msichana mdogo wa darasa la sita akaingiza kichwa. Alikuwa Nono, jirani yao wa Katuba, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Mwelwa, naweza kuingia? Nataka kumalizia habari yangu. Baba ananisubiri nje, tunakwenda kwa bibi."

Nono alikuwa ameandika kuhusu fundi anayetengeneza babula kutoka kwenye mabati ya zamani. Aliketi, akaandika sentensi mbili za mwisho, kisha akajaribu kuhifadhi. Mashine ilikataa. Akajaribu tena. Ikakataa tena, ikisema hana ruhusa.

"Yaya, inakataa! Kazi yangu itapotea?"

Mwelwa aliinama kuangalia. Alielewa haraka, na moyo wake ukajaa furaha kwa kuelewa haraka namna hiyo. Wiki iliyopita Madame alikuwa amenakili habari ya Nono kutoka kwenye kompyuta iliyoharibika na kuiweka ndani ya folda yake. Bila shaka habari hiyo ilibaki kwa jina la msimamizi, si kwa jina la Nono. Kilichohitajika ni kubadilisha jina. Amri moja tu.

Alijua sheria. Alikumbuka vizuri sana kwamba anapaswa kusubiri. Lakini Nono alikuwa akimtazama kwa macho makubwa, na nje baba yake Nono alikuwa akipiga honi ya pikipiki. Mwelwa alitamani kumsikia Nono akisema nyumbani kwao, "Yaya Mwelwa ametengeneza peke yake."

"Ngoja kidogo," alisema, akaenda kukaa mbele ya Maman na kuingia kwa nguvu za msimamizi.

Alipaswa kuandika hivi:

chown -R nono /home/nono

Maana yake ilikuwa: mfanye Nono awe mwenyewe wa folda ya Nono, pamoja na vyote vilivyomo. Lakini vidole vyake vilikwenda mbio, na kidole gumba kikagusa kitufe cha nafasi pale kisipohitajika. Akaandika hivi:

chown -R nono /home /nono

Hakusoma. Alibonyeza Enter.

"Jaribu sasa!" alimwambia Nono.

"Imekubali! Aksanti, yaya!" Nono aliruka juu, akachukua mfuko wake na kukimbilia nje kwa baba yake.

Mwelwa alirudisha macho kwenye skrini akiwa bado anatabasamu. Mashine ilikuwa imeandika mstari mmoja: haikuona chochote kinachoitwa /nono. Tabasamu likamwisha. Akasoma amri yake upya, herufi kwa herufi, na ndipo akaiona ile nafasi. Kwa sababu ya nafasi moja, mashine ilisikia mambo mawili tofauti. La pili, folda iitwayo /nono, halikuwapo. La kwanza lilikuwa home. Avenue yote.

Aliandika amri ya kuorodhesha folda. Majina ya folda yalishuka kwenye skrini: Chishimba, Dieumerci, Estelle, Kangwa, Mutale, Mwelwa, na wengine wengi. Kando ya kila moja, mahali pa jina la mwenyewe, paliandikwa neno lile lile: nono, nono, nono, nono.

Nje, kwenye ujia, viatu vya Madame Honorine vilisikika vikija.

Kama angekuwa na dakika tano za kufikiri, huenda Mwelwa angefanya jambo jingine. Hakuwa nazo. Alinyoosha mkono chini ya meza, akashika waya uliopeleka umeme kwenye Maman na kompyuta zote, akauchomoa. Skrini zote zikawa giza. Akaurudisha waya mahali pake, akasimama.

"Kuna nini?" Madame aliuliza mlangoni.

"Umeme ulikatika, Madame," Mwelwa alisema. "Umerudi sasa hivi."

Wiki hiyo umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, kwa hiyo uongo huo ulipita bila shida. Madame alisema tu, "Lakini tuna batri," akakunja uso, akawasha Maman upya.

Saa tisa wanafunzi walifika. Kila mmoja aliandika jina lake na nenosiri lake. Skrini iliwaka kidogo kama inayotaka kumkaribisha, kisha ikamrudisha pale pale pa kuandikia jina. Kangwa alijaribu mara sita. Estelle alianza kulia.

"Madame, habari yangu iko ndani! Jumamosi nitasoma nini?"

Madame alitazama saa yake. Alikuwa na darasa upande wa pili wa shule. "Huenda umeme umeumiza diski," alisema polepole. "Kesho nitakuja mapema niangalie vizuri. Leo nendeni nyumbani."

Mkuu wa shule, Monsieur Katongo, alikuwa akipita, akasikia. Alikuwa mtu wa haraka, asiyependa kitu cha shule kiharibike. Akamwita Papa Désiré.

Papa Désiré alikuwa mlinzi wa shule. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la batri. Kila asubuhi alipangusa vumbi kwenye mabamba ya umeme wa jua juu ya paa, akaangalia maji ya batri, akaandika tarehe kwenye ukuta kwa chaki. Batri ziliwekwa ili umeme ukikatika kompyuta zisizimike ghafla.

"Papa Désiré," mkuu wa shule alisema mbele ya wanafunzi wote, "umeme umekatika na mashine imezimika. Batri zilikuwa zinafanya nini?"

"Monsieur le Directeur, batri iko muzuri. Mi mwenyewe niliangalia maji asubuhi."

"Kama ziko nzuri, mashine ilizimika namna gani?"

Papa Désiré aliutazama ufunguo mkononi mwake.

"Kesho asubuhi kabla ya kengele, uje ofisini na ufunguo. Nitamtafuta mtu mwingine wa kutunza batri."

Mwelwa alikuwa amesimama nyuma ya Kangwa. Alisikia kila neno. Alitazama ncha za viatu vyake.

Jioni Maman Claudine alipika bukari, yaani ugali, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo waitwao ndakala, chakula ambacho Mwelwa alikipenda kuliko vyote. Mwelwa alifinyanga tonge moja na kulishika mkononi mpaka likapoa.

"Mashine haikukutii leo?" mama aliuliza.

"Nimechoka tu, Mama."

Mama alisogeza sahani ya ndakala karibu naye. "Bon. Mtu aliyechoka analala. Mtu mwenye neno, anaweza kunikuta hapa kwenye cherehani."

Mwelwa alilala bila kwenda kwenye cherehani. Alijiambia kwamba kesho Madame angetengeneza kila kitu, na mambo yangekwisha yenyewe.

Asubuhi alifika shuleni mapema kuliko wote. Alikuwa na mpango. Angeingia kwenye chumba cha kompyuta kabla Madame hajafika na kurekebisha kila kitu. Lakini alipoingia kwenye ujia, alimkuta Papa Désiré amepiga magoti mbele ya kabati la batri. Kando yake kulikuwa na kitambaa kisafi, na mkononi alikuwa na kijiti chembamba cha kupimia maji. Alikuwa akipima batri moja baada ya nyingine, ingawa tayari alikuwa amevaa koti lake zuri la kwenda ofisini kwa mkuu wa shule.

"Jambo, mama," alimsalimu Mwelwa, kama wazee wa Katanga wanavyowaita wasichana wadogo kwa upendo.

"Jambo, Papa Désiré."

"Mi naangalia tena. Usiku wote nilikuwa nawaza, nilikosea wapi? Maji iko. Waya iko. Sioni kosa." Alisimama taratibu, mkono ukiwa kiunoni. "Lakini kosa lazima iko, kama mashine ilizimika. Utanisamehe, mutoto yangu. Na wenzako waniwie radhi. Kazi yenu imepotea kwa sababu ya mimi muzee."

Aliweza kuvumilia macho ya mkuu wa shule. Aliweza kuvumilia machozi ya Estelle. Lakini mtu asiye na kosa alikuwa amesimama mbele yake akimwomba msamaha, na hilo hakuliweza.

"Papa Désiré, usiende ofisini."

"Namna gani nisiende? Directeur ameniita."

"Basi twende wote."

Madame Honorine alikuwa tayari ofisini, akizungumza na Monsieur Katongo. Mwelwa aliingia bila kungoja kuambiwa aketi, kwa sababu alijua akingoja ataogopa.

"Umeme haukukatika," alisema. "Nilidanganya. Mimi nilichomoa waya."

Alieleza yote: folda ya Nono, honi ya pikipiki, ile nafasi moja, na viatu vya Madame kwenye ujia. Alipomaliza, alimgeukia Papa Désiré.

"Batri zako zilikuwa nzuri. Nisamehe, Papa."

Papa Désiré alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia la makaa.

"Kumbe!" alisema. "Nilikuwa nataka kukosana na macho yangu mwenyewe."

Monsieur Katongo alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena. "Papa Désiré," alisema, "jana nilikusemesha vibaya mbele ya watoto. Leo kwenye gwaride nitasema mbele yao kwamba nilikosea. Ufunguo ubaki kwako." Kisha akamtazama Mwelwa. "Na wewe, mademoiselle, ni shauri la Madame."

Madame Honorine hakupaza sauti. Alimpeleka Mwelwa kwenye chumba cha kompyuta, wakakaa mbele ya Maman. Madame aliingia kwa jina lake la usimamizi, kwa njia ya skrini nyeusi, akafungua faili moja ambayo Mwelwa hakuwahi kuiona.

"Hili ni daftari la mashine," alisema. "Soma."

Mwelwa alisoma. Ilikuwa imeandikwa tarehe ya jana, saa, dakika, jina lake, na amri yake yote, pamoja na ile nafasi.

"Ungejua hata kama nisingesema," alinong'ona.

"Ningejua leo, wakati wowote ningefungua. Lakini wakati huo Papa Désiré angekuwa amekwisha kurudisha ufunguo na kwenda nyumbani na aibu yake. Umekuja mapema, na hilo limemsaidia. Sasa niambie, kazi za wenzako zimefutika?"

Mwelwa alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu jana, alifikiri bila woga. "Hapana, Madame. Zipo. Zimebadilika majina ya wenyewe tu."

"Kwa nini basi mashine inawarudisha?"

"Kwa sababu wanataka kuingia kwenye folda ambazo si zao tena. Zote ni za Nono. Nono peke yake ndiye anayeweza kuingia."

"Na dawa yake?"

"Kumrudishia kila mtu folda yake."

"Folda ziko sitini na tatu. Ya Nono ni yake kweli. Umebakiwa na sitini na mbili."

"Hakuna amri moja ya kuzitengeneza zote pamoja?"

"Ipo," Madame alisema. "Nitakufundisha Jumatano ijayo. Leo utafanya moja moja, na kila moja itasomwa kwa sauti kabla ya Enter. Mimi nina madarasa mpaka saa nane mchana. Halafu tutaanza."

"Nani atasoma? Dieumerci hajarudi."

Madame aligeuka kuelekea mlangoni. Papa Désiré alikuwa bado anafunga kabati lake.

"Papa Désiré, mchana una nafasi kidogo?"

Basi mchana ule Papa Désiré aliketi kando ya Mwelwa, koti lake zuri likiwa limetundikwa kwenye kiti, na mbele yake orodha ya majina. Madame alisahihisha madaftari kwenye meza ya nyuma. Papa Désiré alisoma jina kwenye orodha, Mwelwa akaandika amri, kisha Papa Désiré akasoma kilichoandikwa kwenye skrini, akifuata kila herufi kwa kile kijiti chake cha kupimia maji.

"Chown. Kistari. R kubwa. Nafasi. Chishimba. Nafasi. Home. Chishimba. Iko muzuri?"

"Iko muzuri, Papa."

"Fyatua!"

Kwa Papa Désiré, kubonyeza Enter kulikuwa kufyatua, na baada ya folda kumi Mwelwa naye alianza kucheka kila aliposikia neno hilo. Walipofika katikati ya orodha, kichwa kikimwuma kwa njaa na usingizi wa usiku uliopita, Mwelwa aliandika amri ya Mutale na kupeleka kidole kwenye Enter.

"Eh! Simama!" Papa Désiré aligusa skrini kwa kijiti. "Hapa kuna nafasi. Kati ya home na Mutale. Kwa wengine haikukuwa."

Mwelwa alitazama. Ilikuwa kosa lile lile la jana, mahali pale pale. Alirudisha mkono wake taratibu, akafuta, akaandika upya. Nyuma yao Madame Honorine alikuwa ameinua kichwa. Akarudi kwenye madaftari yake.

Saa kumi na moja walimaliza. Mwelwa aliomba orodha kwenye skrini, na majina yakashuka: Chishimba kwa Chishimba, Estelle kwa Estelle, Kangwa kwa Kangwa. Kangwa na Estelle, waliokuwa wakisubiri nje tangu saa tisa, waliitwa wajaribu. Skrini iliwaka, ikakaa kidogo, ikafunguka. Estelle alipiga kelele, akafungua habari yake na kuisoma yote kwa sauti, kana kwamba hakuamini macho.

"Estelle, Kangwa," Mwelwa alisema, "mimi ndiye niliyeharibu. Si umeme."

Estelle alimtazama kwa hasira. "Niliwaza nitaandika vyote upya! Mpaka mama alinikataza kulia!" Aliigeukia tena skrini. "Lakini umetengeneza?"

"Nimetengeneza. Pamoja na Papa Désiré."

"Basi Jumamosi utakaa mbele na kunipigia makofi."

Ijumaa Dieumerci alirudi kutoka Kasenga, akasikia yote, akatikisa kichwa. "Siku mbili tu nimeondoka, na wewe unampa Nono avenue nzima!" Madame aliwaambia wote wawili kwamba Mwelwa hatatumia nguvu za msimamizi kwa mwezi mmoja. Katika mwezi huo angekuwa msomaji, na Dieumerci angeandika. Mwelwa alikubali bila ubishi. Nyumbani alikuwa amekwisha kumweleza mama yake kila kitu, pale pale kwenye cherehani, na mama hakuacha kushona mpaka alipomaliza. Kisha alimwambia tu, "Leo naona bukari itashuka."

Jumamosi wazazi walijaa hata wakakaa madirishani. Nono alisoma habari ya fundi wake wa babula, Estelle akasoma ya mwanamke anayesuka nywele karibu na soko, na Mwelwa alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Baada ya wageni kuondoka, Papa Désiré alikuja kwenye chumba cha kompyuta na kusimama mlangoni.

"Madame, mi niko na ombi. Majina yote nimeyasoma, sitini na tatu. La kwangu silioni."

"Ungependa kuandika nini, Papa?"

"Maji ya batri. Kila siku naandika kwa chaki ukutani, mvua ikija inafuta. Humu ndani hakuna mvua."

Wote walicheka, na Papa Désiré kuliko wote. Dieumerci aliketi mbele ya Maman, Mwelwa akasimama kando yake. Dieumerci aliandika amri ya kumwandikisha mtumiaji mpya. Mwelwa aliisoma kwa sauti, herufi na nafasi, akaisoma tena, ndipo akasema, "Sawa." Papa Désiré alichagua nenosiri lake, akiwa amewageuzia wote mgongo ili wasione.

Wakati wanafunga madirisha, Madame Honorine aliwaita Mwelwa na Dieumerci karibu.

"Nataka mkumbuke jambo moja," alisema. "Kukosea amri si aibu. Mimi mwenyewe nimekosea nyingi, na nyingine mbaya kuliko ya Mwelwa. Kosa la Mwelwa lilikuwa la dakika moja, na tulilitengeneza mchana mmoja. Lakini uongo wake ulikwenda kumtafuta mtu asiye na kosa na kumbebesha mzigo. Mtu akipewa funguo za wengine, anatakiwa awe na mikono ya polepole na ulimi wa kweli. Ulimi wako ulichelewa, Mwelwa, lakini ulifika kabla ya kengele. Ndiyo maana baada ya mwezi mmoja nitakurudishia funguo bila wasiwasi."

"Ndiyo, Madame," Mwelwa alisema.

Kisha alichukua ufagio, kwa sababu wageni walikuwa wameacha maganda ya karanga chini ya madawati yote, akaanza kufagia huku akiimba.